Saio Iko Wapi?

Mtu yeyote wa Bukavu atakuelekeza Kambi Saio bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake. Dereva wa pikipiki haulizi mara mbili. Lakini muulize Saio ni nini, atakwambia ni kambi. Muulize jina limetoka wapi, atacheka, kwa sababu nani anahangaika na jina la kambi ya askari? Nimelifanya jaribio hilo mara nyingi, kwa vijana na kwa wenye mvi kama mimi, na jibu zuri kuliko yote nililipata kwa mama mmoja muuza ndizi. Alifikiri kidogo, akasema, "Labda lilikuwa jina la komanda."

Saio ni mji wa milimani, magharibi mwa Ethiopia. Siku hizi unaitwa Dembi Dolo. Baba yangu alifika huko kwa lori, kwa meli ya mto Nile na kwa miguu, akiwa kijana wa miaka ishirini na ushei ambaye kabla ya hapo alikuwa hajawahi kuupa kisogo ukingo wa Ziwa Kivu. Alirudi na mikono yake miwili, miguu yake miwili, na ugonjwa wa tumbo ambao hakuachana nao mpaka anaingia kaburini mwaka 1989.

Hakuwa msimulizi. Vita vyake nimeviokota vipande vipande: kimoja alikitoa akinoa panga, kingine akimkemea dereva wa lori aliyepakia magunia kupita kiasi, kingine akiwa na homa. Kitabu chake cha jeshi, chenye picha na namba yake ya matrikule, kilikuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda cha mama. Mwaka 1996, vita vilipotufikia, tulikimbia na watoto, na sufuria mbili. Sanduku lilibaki. Tuliporudi halikuwepo.

Basi Novemba 2023, nikiwa mwalimu mstaafu mwenye muda mwingi kuliko fedha, niliamua kuifuata njia yake kwa kadiri ninavyoweza: nianzie langoni pa Kambi Saio, nielekee kaskazini kwa barabara ya taifa namba 2, niishie Minova alikozaliwa na alikozikwa. Ethiopia sikuiweza. Pensheni ya mwalimu haivuki Ruzizi.

*

Langoni hapakuwa na la kuona. Askari wawili walinitazama kwa mashaka, nikaendelea na safari yangu kama mzee anayetafuta mahali pa kupumzika. Ukweli ni kwamba Kongo imejaa majina ya namna hii. Ukienda Kinshasa, wilaya ya Kasa-Vubu, utakuta barabara ya Asosa, barabara ya Saio, na soko la Gambela ambako watu wananunua mboga na samaki kila siku. Asosa, Gambela, Saio: ni miji mitatu ya Ethiopia, kwa utaratibu ule ule ambao askari wa Kongo waliiteka mwaka 1941. Wabelgiji waliyaandika majina hayo kwenye vibao kwa fahari yao. Vibao vikabaki, fahari ikaondoka nao, na sisi tukabaki tunanunua mboga.

Lakini njia ya Kivu ni ya zamani kuliko vita vya baba, na sina budi kurudi nyuma hatua moja, kwa babu.

Mpaka wa ziwa hili ulichorwa Brussels mwaka 1910, Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza wakiwa mezani. Kisiwa cha Idjwi kikapewa Wabelgiji, ukingo wa mashariki ukabaki kwa Wajerumani. Baada ya miaka minne tu, vita vya kwanza vya dunia vikafika: Septemba 1914 kikosi cha Kapteni Max Wintgens kilivuka maji kutoka Rwanda na kuiteka Idjwi. Kwa mwaka mmoja na nusu watu wa upande wetu walilima wakitazama ng'ambo. Bobandana, jirani kabisa na Minova, ilikuwa kituo cha Wabelgiji, na kituo cha jeshi maana yake ni kitu kimoja kwa mwanakijiji: mzigo. Mzigo wa unga, wa risasi, wa kuni, wa mzungu mgonjwa kwenye machela.

Aprili 1916 majeshi ya Jenerali Charles Tombeur yalivuka kwenda kupigana na Wajerumani. Kigali ilianguka tarehe 6 Mei, na Tabora tarehe 19 Septemba mwaka huo huo. Kutoka Kivu mpaka Tabora hapakuwa na reli wala barabara ya gari; palikuwa na vichwa vya watu na mabega yao. Wanahistoria wanataja wapagazi wapatao 260,000 waliokusanywa upande wa Kongo kwa vita vile, idadi inayowazidi askari mara nyingi. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Jenerali Tombeur alipewa ubaroni na kuitwa Tombeur wa Tabora. Babu naye alifika Tabora, akarudi, na kijijini waliendelea kumwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama ilivyo desturi.

Huyo mwana wa kwanza ndiye baba.

*

Mei 1940 Ubelgiji ilisalimu amri mbele ya Hitler. Gavana Mkuu Pierre Ryckmans akaamua Kongo ibaki upande wa Waingereza, na Italia ilipoingia vitani, jicho likageukia Ethiopia, nchi ambayo Mussolini alikuwa ameivamia mwaka 1935. Force Publique, jeshi la koloni, ilihitaji watu. Chifu alitakiwa kutoa vijana, baba alikuwa kijana. Hiyo ndiyo hadithi yote ya kujiunga kwake. Wanaosema walijitolea wapo, yeye hakusema hivyo.

Walikusanywa Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, wakapanda malori kuelekea kaskazini mashariki mpaka Juba, wakateremka Nile kwa meli. Baba aliikumbuka meli ile kwa jambo moja: kuni. Mashua ilikuwa inasimama, askari wanashuka, wanapasua kuni, wanapakia, wanaendelea. "Tulikwenda vitani na shoka," alisema.

Asosa ilitekwa tarehe 11 Machi 1941, Gambela tarehe 23. Gambela iko tambarare, kwenye joto la mto Baro. Saio iko juu, zaidi ya mita elfu moja kupanda. Huko juu Waitaliano walikuwa wengi kuliko waliokuwa wanawajia, wana mizinga, wanaona kila kinachopanda. Katikati ya Aprili wakapigana kwenye kijito cha Bortai chini ya mlima, na baada ya hapo ikaanza subira. Mvua zikanyesha. Barabara ya kutoka Gambela ikageuka tope, malori yakazama, chakula kikapungua. Beriberi ikaingia, ugonjwa wa mtu anayekula kila siku chakula kisicho na vitamini: miguu inavimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo, moyo unachoka. Katika vita ile magonjwa yaliwaua Wakongo wengi kuliko risasi.

Hapo ndipo baba alipopata kazi iliyomfanya awe alivyokuwa. Kikosi chake kilitolewa mstari wa mbele kikapewa sululu na koleo: fungueni barabara, chakula kipande. Kwa wiki nyingi walichimba mitaro kando ya mteremko, wakabeba mawe, wakatandika magogo kwenye tope, lori moja likapita, magogo yakazama, wakatandika mengine. Nilimuuliza kama aliwahi kumpiga mtu risasi. Alinyamaza, kisha akaanza kunieleza namna ya kuchimba mtaro kwenye mlima unaoteleza. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikadhani anakwepa swali. Sasa nadhani alikuwa ananijibu: hiyo ndiyo vita aliyoipigana.

Tarehe 3 Julai 1941 Jenerali Pietro Gazzera alisalimu amri kwa Jenerali Auguste Gilliaert wa Force Publique. Gazzera hakuwa mtu mdogo. Aliwahi kuwa waziri wa vita wa Italia. Walikamatwa majenerali tisa, maafisa zaidi ya mia tatu, na askari kwa maelfu. Hili baba alilisimulia kwa raha, na ndiyo picha pekee ya vita aliyoirudia bila kuombwa: wanaume weupe wenye nyota mabegani wanapanda nyuma ya lori, na Mkongo mwenye bunduki anawaonyesha pa kukaa.

Baada ya hapo walipelekwa Nigeria, kisha Misri na Palestina, kulinda na kungoja zaidi kuliko kupigana. Wenzao wengine, wauguzi na wabeba machela wapatao 350 wa hospitali ya kijeshi ya Kongo, walifika mbali zaidi, Burma, wakawahudumia majeruhi wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Nimewahi kuwaza mazungumzo yao kule msituni: Mkenya aliyekatika mguu na muuguzi wa kutoka Maniema, wote wanaongea Kiswahili, kila mmoja anadhani Kiswahili cha mwenzake kina kasoro.

Na nyumbani je? Hapa ndipo hasira yangu ilipo, kwa hiyo nitasema haraka. Wakati wana wako Saio na Palestina, serikali iliongeza siku za kazi ya lazima vijijini kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Watu walirudishwa porini kutafuta mpira, neno ambalo wazee walilisikia kwa kutetemeka kwa sababu walikumbuka enzi za Leopold. Februari 1944 askari wa Luluabourg waliasi. Mwezi huo huo, milimani kwetu upande wa Masisi, wafuasi wa dini ya Kitawala wakiongozwa na Bushiri waliinuka dhidi ya serikali, wakakandamizwa. Mtu anarudi kutoka kumfukuza Mussolini kwenye nchi ya watu, anamkuta mama yake anadaiwa kilo za mpira.

*

Kutoka Bukavu gari ilitupitisha Mudaka, Miti, Kavumu penye uwanja wa ndege, tukafika Katana. Mpaka hapo safari ni ya kawaida. Mbele ya Katana barabara inaanza kukuuliza unakwenda kufanya nini. Kwenye ramani kati ya Bukavu na Minova si mbali, ni kama kilomita 150. Kwa msimu wa mvua usimwahidi mtu kwamba utafika siku hiyo.

Hii ndiyo barabara ya baba. Alipotoka jeshini aliajiriwa kuitunza, kwanza kama makantonye, kama tunavyowaita watu wa jembe na koleo wanaopewa kipande chao cha njia, halafu akawa kapita. Kapita anasimamia watu, anahesabu vifaa, anamjibu mzungu. Kwa miaka mingi alilala kwenye vibanda vya kazi kati ya Kalehe na Sake na kurudi nyumbani Jumamosi jioni, fundo la sukari mfukoni na vumbi kwenye kope.

Nilikuwa namfuata wakati wa likizo. Alichonifundisha kwenye barabara hii naweza kukieleza kwa dakika moja, na bado nakiona kimepuuzwa kila nilipopita Novemba ile. Barabara ya udongo haiuawi na malori, inauawa na maji. Lori linamalizia tu. Kwa hiyo unaanza na maji: barabara lazima iwe na mgongo, katikati pawe juu kuliko pembeni, mvua ikinyesha itiririke kulia na kushoto. Pembeni pawe na mitaro, na mtaro lazima uwe na pa kwenda, kwa sababu mtaro usio na pa kwenda ni bwawa. Kila baada ya hatua kadhaa maji yavushwe chini ya barabara kwa kidaraja cha mawe, yakamwagwe upande wa ziwa. Ukiacha mgongo ukalala, maji yanakaa. Yakikaa yanalainisha. Gurudumu la kwanza linachora mfereji, la pili linaufuata, la kumi linazama, na kesho yake utakuta malori ishirini yamepanga mstari na wanawake wanauza chai.

Tuliyakuta malori hayo kabla ya Nyabibwe. Fuso moja lilikuwa limelala kwa ubavu, nyanya zimemwagika, vijana wanachimba kwa koleo na kila mwenye gari anatozwa chochote alicho nacho. Nilishuka nikatazama mtaro. Ulikuwa umejaa majani, tope na chupa za plastiki. Kijana mmoja aliniuliza, "Mzee, wewe ni injenieri?" Nikamwambia hapana, mimi ni mtoto wa kapita.

Lakini kabla ya hapo kuna Kalehe, na Kalehe siwezi kuipita kwa mzaha. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko Nyamukubi, mito ilifurika ghafla jioni ikashuka na mawe makubwa kama nyumba juu ya Bushushu na Nyamukubi. Zaidi ya watu 400 walizikwa, na maelfu hawakuonekana. Miezi sita baadaye, nilipopita, palikuwa bado ni uwanja wa mawe ya kijivu kutoka mlimani mpaka ziwani. Pikipiki zilikuwa zinajipenyeza katikati. Mawe hayo yalitoka kwenye milima iliyovuliwa miti, na hakuna kidaraja cha kapita yeyote ambacho kingeyavusha. Hili nalisema ili nisije nikaonekana nadai kwamba wazee walijua kila kitu. Baba alizoea mto unaopanda na kushuka. Mto unaobeba mlima hakuuona.

Karibu na Kalungu niliomba dereva asimame. Nilikuwa natafuta kidaraja kimoja ambacho baba alikuwa hakipiti bila kukiangalia, na nilikipata, chini ya majani ya matete, hatua sita kutoka barabara ya sasa ambayo imehama kidogo. Ni tao dogo, mtoto anaweza kuinama akapita. Mawe meusi ya volkano, yamechongwa kwa nyundo upande mmoja tu, ule unaoonekana. Niliingiza mkono kwenye kiungo kati ya mawe mawili: chokaa imeliwa, lakini jiwe la juu katikati, lile linalofunga mengine yote, limekaa mahali pake. Maji yalikuwa yanapita chini, kidogo, meupe, yana haraka ya kwenda ziwani. Wamama waliokuwa wanafua hapo waliniuliza nimepoteza nini.

*

Watu wa kwetu waliiita serikali ya Wabelgiji Bula Matari, mvunja mawe. Jina alipewa Stanley kwanza, huko mto Kongo chini alipokuwa anapasua njia ya kupitisha mizigo, halafu likahamia kwa dola nzima. Nimelitafakari sana jina hilo kwenye barabara hii. Mawe mengi ya Stanley yalivunjwa na mikono ya wengine, na mzungu aliyekuwa mkubwa wa baba hakuvunja hata moja. Alikuja Jumatano kwa gari, akapima, akaandika, akaondoka. Yeye ndiye alikuwa na cheo cha mhandisi.

Baba alikuwa na pimamaji ya mbao, timazi ya risasi iliyofungwa kwa uzi wa kuvulia samaki, na kamba yenye mafundo. Kwa hivyo vitatu alijua mteremko wa mtaro kuliko karatasi ya yule bwana. Mara mbili alibishana naye, na mara zote mbili, kwa mujibu wa mama, maji yalimpa baba haki. Lakini hakuna mahali ambapo angeweza kuwa zaidi ya kapita. Chuo kikuu cha kwanza cha Kongo, Lovanium, kilifunguliwa mwaka 1954. Uhuru ulipofika mwaka 1960, wahitimu wa chuo kikuu nchi nzima wanakadiriwa kati ya 16 na 30.

Jeshini ilikuwa vilevile. Miaka kumi na tisa baada ya Saio, Force Publique ilikuwa na askari karibu 25,000 na maafisa takriban elfu moja, na hakuna hata afisa mmoja Mkongo. Walioteka majenerali tisa hawakuruhusiwa kuwa luteni. Tarehe 5 Julai 1960, siku tano baada ya uhuru, Jenerali Émile Janssens aliwaita askari mjini Leopoldville na kuandika ubaoni kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni sawa. Jioni hiyo hiyo maasi yakaanza. Siku chache baadaye Lumumba alimteua Victor Lundula kuwa kamanda mkuu, mtu ambaye alikuwa sajini wakati wa Vita vya Pili, na kutoka usajini akapandishwa moja kwa moja kuwa jenerali. Baba alisikiliza habari hiyo kwenye redio ya jirani. Mama anasema alisimama, akazunguka nyumba, akarudi, akauliza chakula kiko wapi.

Yeye alikuwa ameshaamua pa kuwekeza. Tulikuwa watoto saba, na wa pili ni msichana. Miaka ile, kwetu Buhavu, msichana kumaliza darasa la sita ilikuwa ni kumpotezea mume. Baba akauza ng'ombe. Akauza shamba la kahawa upande wa juu. Wazee wakaja kumshauri, akawapa pombe ya ndizi, akawasikiliza mpaka wakamaliza, kisha akampeleka dada sekondari ya masista, na baadaye Kinshasa, kwenye taasisi ya taifa ya ujenzi na kazi za umma. Alirudi na diploma mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Kongo, ambako vyeo vya shule ni mali kama shamba, alikuwa na haki ya kuitwa "Ingénieur".

Siku ile ya kurudi nilikuwepo. Baada ya kula baba aliingia ndani, akatoka na ile pimamaji, akampa. Hakusema neno. Akamwonyesha ukuta wa jiko, ukuta ambao aliujenga mwenyewe mwaka niliozaliwa. Dada aliiweka pimamaji, akasubiri kipovu kitulie, akainama, akatazama tena. Akainua kidole gumba: umelala kwa upana wa kidole. Sote tulikaa kimya. Baba akatazama ukuta, akatazama kipovu, akasema, "Huo nilijenga nikiwa bado askari." Wote tulijua kwamba si kweli. Tangu siku hiyo alimwita binti yake Injenieri, hata alipokuwa anamtuma chumvi.

*

Minova nilifika usiku. Asubuhi niliona kile ninachokiona kila ninaporudi: ziwa, maboti yanapakia maharage na mihogo, vijana wanasukuma chukudu zenye magurudumu ya mbao yaliyovalishwa mpira wa tairi kuukuu. Goma wameijengea chukudu sanamu yenye rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara, na hilo nawapongeza. Ni mashine pekee ninayoijua iliyobuniwa na watu wasiokuwa na diploma na ikapata sanamu. Kilomita chache mbele ni Bweremana, tayari Kivu Kaskazini, halafu Shasha, halafu Sake, ambako lava ya Nyamuragira ilishuka mpaka ziwani kati ya 1938 na 1940. Baba alipita juu ya lava hiyo ikiwa bado mpya, akienda kuandikishwa.

Kaburi lake liko nyuma ya migomba. Msalaba wa saruji aliuchora mwenyewe kwenye karatasi, pamoja na vipimo, na onyo kwa fundi asizidishe mchanga. Maandishi ni jina, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa. Dada alitaka kuongeza "askari wa Saio". Tulibishana, tukasema tutaongeza mwakani. Haijaongezwa.

Miezi mitatu baada ya safari yangu, Februari 2024, mapigano yalikata barabara ya Minova kwenda Goma. Watu wakahamia majini. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi iliyotoka Minova ikiwa imefurika watu ilipinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, watu wakitazama kutoka gatini. Walikufa makumi kwa makumi. Januari 2025 vita vilifika Minova yenyewe, na Februari vikafika Bukavu. Sijui kama kidaraja cha Kalungu bado kipo.

Tarehe 8 Juni 2022, mjini Kinshasa, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvisha nishani Koplo Albert Kunyuku, mkongwe wa Force Publique aliyekuwa na umri wa miaka mia moja. Picha ilizunguka dunia nzima: mzee ameketi, mfalme ameinama. Niliitazama kwa muda mrefu nikitafuta uso wa baba, jambo la kipuuzi, kwa sababu baba alikuwa amelala Minova miaka thelathini na mitatu. Ubelgiji ilichukua miaka sabini na saba baada ya vita kuinama, na ikaweza kumwinamia mtu mmoja kwa sababu wengine walikuwa wameisha.

Kwa hiyo nina ombi, hasa kwa wewe msomaji wa Kalehe, wa Idjwi, wa Masisi, wa Uvira, wa Maniema. Kama kwenu kuna sanduku la bati chini ya kitanda, lifungue leo. Ukikuta kitabu cha jeshi, kibati chenye namba ya matrikule, nishani iliyopata kutu, au hata timazi ya risasi yenye uzi wa samaki, ipige picha kwa simu yako, uitume kwa ndugu watatu wanaoishi miji mitatu tofauti. Kisha mtafute mzee aliyebaki, muulize jina kamili la mwenye kitu hicho, alifika wapi, na alifanya kazi gani aliporudi. Andika. Mimi namba ya baba yangu nilikuwa naijua kwa kichwa nikiwa mtoto, sasa nakumbuka tarakimu mbili tu za mwisho.